Barua ya Shukrani kutoka Kilabuni

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia usalama barabarani,

Mimi ni mama muuza mbege hapa Tengeru, chini ya Mlima Meru. Nawaandikia kuwashukuru kwa kumtoza faini mteja wangu, dereva wa kifodi, kisha mkamwacha kama mlivyomkuta.

Siku aliyokamatwa nilijua nimempoteza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mpaka wa kilevi katika damu ya dereva. Yeye siku ile alikuwa na mbege yenye chembechembe za damu. Kumbe nilijihangaisha bure. Alilipa, akakunja risiti, na jioni alikuwa kwenye benchi lake, anakunywa kwa mkopo maana hela yote imekwenda kwenye faini. Kontroo namba hufika mfukoni, kooni haifiki.

Sasa nasikia wapo wanaowashauri mumpeleke akatibiwe. Msiwasikilize. Hao hawajamwona alfajiri akija kuzimua: kata anaishika kwa mikono miwili, na bado inammwagikia kifuani. Ikifika nusu, mikono inatulia. Ndipo anachukua ufunguo wa gari. Mtu huyo mkimkabidhi kwa daktari na mshauri, na leseni mkaikalia mpaka apone, ndizi na ulezi wangu si vitaozea kwenye pipa?

Na ile Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi badala ya kifungo, iacheni kabatini ilipo. Akipangiwa kudeki wodi ya majeruhi pale Hospitali ya Mount Meru, ataona miguu iliyofungwa plasta, na huenda akaanza kufikiri. Mkiona faini haitoshi, mfungeni tu. Jela hainitishi: akitoka, atakuja na kiu ya miezi yote aliyokaa ndani.

Kwa hiyo endeleeni hivyo hivyo. Serikali ipate faini, mimi nipate ya mbege, abiria wapate kumjua Mungu.

Nilitaka kusahau: Jumamosi binti yangu anakwenda mjini, na gari la kwanza alfajiri ni la huyo mteja wangu. Nimemwambia asubiri linalofuata.

Wenu mtiifu,
Muuza mbege, Tengeru