Sifa za Mvuke Ukaao Ukutani

Mvua imekwisha kusifiwa, na umande wa alfajiri umesifiwa, na hata mawingu ya kusi yamepata watu wa kuyatungia. Lakini mvuke ule ujipenyezao katika kuta za nyumba za mbao huko Kanada, Marekani ya kaskazini na Skandinavia, ukakaa humo majira yote ya baridi bila ya kodi wala idhini, haujapata hata wakili mmoja, kwani wote walioandika habari zake wameandika kwa kuushitaki. Hilo silioni kuwa ni insafu. Katika wapangaji wote waliowahi kuingia nyumba ya mtu, yupi aliye mpole kama huo, usiogonga mlango, usio na sauti, usioonekana kwa macho, na usio na mali ila ile tuliyoupa sisi wenyewe kwa pumzi zetu, kwa vyungu vyetu na kwa kuoga kwetu?

Natuanze na nasaba yake, kama ilivyo ada. Jamaa ya watu wanne, wakipika, wakikoga na kuanika nguo ndani kwa kuwa nje kumejaa theluji, huzaa kiasi cha lita 10 za maji kwa siku, na aghalabu ya maji hayo hupanda hewani pasipo mtu kuyaona. Hewa yenye joto la nyuzi 20 huweza kuchukua gramu 17 za maji katika kila mita ya ujazo, ilhali hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi sifuri haiwezi kuchukua hata gramu 5, na kilichozidi hakina budi kutua mahali. Mvuke wetu, ambao ni mtiifu wa sheria kuliko raia wengi niwajuao, hupita ukutani, ukapenya ile pamba ya kioo iliyojazwa ili joto lisitoroke, ukafika kwenye ubao wa nje ulioshikwa na baridi, na hapo ukajigeuza maji, au barafu nyembamba imetayo juu ya ncha za misumari.

Subira yake nayo ni ya kupigiwa mfano. Ubao wenye unyevu usiofika asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauliwi na kuvu. Ukikaribia 30, nyuzi zake zikashiba, karamu imewadia. Mvuke hauna pupa ya kuifikia karamu hiyo, bali huongeza tone juu ya tone, msimu baada ya msimu, na mwenye nyumba muda wote huo hulala usingizi mnono na kuwasifia wageni rangi ya sebule yake, hata siku fundi atakapobandua ubao kwa sababu nyingine kabisa, akaikuta nguzo imekuwa ya hudhurungi, imepasukapasuka vipande vya mraba, na bisibisi aitiayo kwa kujaribu tu ikazama hadi mpini.

Wakale hawakuujua, na kwa kutoujua walistarehe. Kanisa la mbao la Urnes, huko Norwei, la karne ya 12, lingali limesimama, na wajenzi wake hawakujaza kitu ukutani. Mvuke uliingia, ukazunguka, ukatoka na upepo. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo Wamarekani walipoanza kwa wingi kuzijaza kuta zao ili kuhifadhi joto, na punde rangi za nje zikaanza kufura malengelenge na kubanduka. Palizuka mzozo mkubwa. Mafundi rangi walisema kwamba vile vitu vilivyojazwa huvuta maji, na wengine wakakataa katakata kuzipaka nyumba za namna hiyo. Wauzaji wa vitu hivyo nao wakailaumu rangi. Mvuke, kwa staha yake, haukudai sifa ya kazi iliyokuwa yake. Walipokuja watu kama Frank Rowley wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakaupima, shauri likatoka kwamba upande wa ndani, ulio na joto, utandikwe kizuizi, kwanza karatasi yenye lami na baadaye nailoni, ili mvuke ukome sebuleni.

Basi ukakoma? Hasha! Fundi hutandika nailoni yake kwa ustadi, akaikaza ukuta mzima. Kesho yake huja fundi umeme, naye hana ugomvi na mtu, akaitoboa kwa kisu apate kupachika swichi, na hewa ya joto ipitayo katika kitundu hicho hubeba maji mengi kuliko yale ambayo yangejipenyeza katika nailoni nzima iliyobaki. Watu wakuu hudai lango na tarumbeta, bali mvuke hutosheka na tundu la swichi.

Adui zake wataniletea habari za Vancouver, nami nazipokea kwa mikono miwili. Katika miaka ya 1980 na 1990 yalijengwa huko maghorofa ya mbao yaliyopakwa plasta, mengi hayana upenu wa maana, katika mji ambao mvua yake ya kipupwe haijui kuaga. Maji yakaingia kandokando ya madirisha, kuta zikaoza, majengo yakavishwa majukwaa na maturubai, na mwaka 1998 ikaundwa tume chini ya Dave Barrett, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo hilo la British Columbia. Wahandisi na mawakili walipata riziki, jambo ambalo nalo ni thawabu. Lakini mwizi pale alikuwa mvua. Maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa na njia mbili tu za kutoka, kutiririka au kugeuka mvuke. Ya kwanza hawakuiacha, na ya pili waliiziba, nailoni ndani na plasta nje. Kwa hiyo baadaye waliamrishwa kuacha mwanya nyuma ya vazi la nje la ukuta, milimita 10 hivi, maji yashuke na mvuke upumue. Na sijui mshitakiwa gani mwingine aliyewahi kuhukumiwa kupewa ujia wake mwenyewe.

Pwani yetu, yenye kuta za mawe na madirisha wazi, haikuwa na haja ya mgeni huyu, mpaka kilipokuja kiyoyozi. Kwetu joto na unyevu viko nje, baridi iko ndani, na safari ya mvuke imegeuka kutoka uani kwenda chumbani. Kwa hiyo tajiri wa Mombasa atakayeagiza nyumba ya mbao kutoka kaskazini, nailoni yake ikiwa ndani kama vile kitabu cha huko kilivyoagiza, kisha akakitega kiyoyozi kwenye nyuzi 18, ataupokea mvuke wa Bahari ya Hindi nyuma ya nailoni hiyo hiyo, usiku na mchana, mwezi wa Machi hasa, na fundi aliyeipachika atakuwa amekwisha kulipwa na kupanda ndege.