Saa za Baba
Marehemu Akuku Danger wa Nyanza, Kenya, aliyefariki mwaka 2010, alioa wake zaidi ya 100 na kujaaliwa watoto wapatao 200. Tupige hesabu: kila mtoto akitengewa saa moja ya baba kwa wiki, zinatakiwa saa 200. Wiki ina 168, na hapo mzee hajalala wala hajaonja ugali. Akawajengea shule. Si haba, shuleni kuna daftari la mahudhurio! Anayemcheka sana ni jirani yangu, baba wa watoto wawili tu, macho kwenye simu kutwa. Juzi alimwita kitindamimba wake kwa majina matatu yasiyo yake ndipo akapatia. Hilo la tatu, mkewe bado analiulizia.