Jinsi ya Kuwatunza Wamishonari Wazee Wakati wa Mvua

Ukiambiwa kwamba kuanzia Septemba utakuwa mwenyeji wa mume na mke wastaafu kutoka Utah, waliokuja Kakamega kuhudumu, usihangaike. Wao kazi yao ni kuhudumu. Yako ni kuhakikisha hawakosi cha kuhudumia.

Kwanza wafahamu. Hawa si wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe wanaotembea juani wakinywa maji ya chupa. Hawa wamelea watoto, wamefunga ofisi, wamemwachia jirani funguo za nyumba, na kwa utaratibu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanajitolea kwa miezi 6 hadi 23, tena kwa gharama zao wenyewe. Jirani akikuuliza wanalipwa dola ngapi kwa mwezi, mwambie ukweli. Hataamini, ila wewe utakuwa umetimiza wajibu wako.

Halafu kuna suala la majira. Kwao miezi hiyo majani hugeuka manjano na mekundu, na kila jioni wajukuu huwatumia picha. Hapa majani hayageuki. Kinachogeuka ni anga, mara nyingi mwendo wa saa tisa alasiri, na radi za Kakamega hazipigi hodi. Panga matembezi yote asubuhi. Wakisikitika kwamba hawaoni rangi ya dhahabu, wapeleke kwenye shamba la mahindi yaliyokaukia shinani yakingoja kuvunwa. Ndiyo dhahabu tuliyobakiwa nayo, kwa maana ile ya Rosterman ilichimbwa na Wazungu wengine tangu miaka ya 1930 na mgodi ukafungwa 1952. Hili la mgodi lisimulie kwa upole, bila kumkazia mtu macho.

Wakiita mji wetu kijiji, nyamaza. Eldoret ilitawazwa kuwa jiji 2024 na kidonda hicho bado hakijapona.

Kabla hawajafungua mkoba wa vitabu, wapitishe kwenye historia kidogo, ili wasije wakamweleza mama mkwe wako Yesu ni nani. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walishuka garimoshi Kisumu, wakapanda milima kwa miguu hadi Kaimosi, wakaanzisha misheni ya Marafiki, ndio Quaker. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kanisa la Mungu likaota mizizi Kima kuanzia 1905, Wakatoliki wa Mill Hill wakawa Mukumu 1906, na ilipofika 1942 Zakayo Kivuli alikuwa amechoka kungoja meli, akaanzisha lake mwenyewe, Kanisa la Israeli Nineve. Kwa kifupi, kila kilima kina kengele yake. Mgeni anayetafuta mtu ambaye hajahubiriwa itabidi avuke hadi ng'ambo, na huko pia atawakuta wachungaji wetu wameshatangulia, wanahubiria Waluhya wa Minnesota.

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo ni chai.

Wageni hawa hawanywi chai. Nairudia kwa sababu najua umesoma haraka: hawanywi chai. Mwaka 1833 kanisa lao lilipata mafundisho yanayoitwa Neno la Hekima, yanayokataza tumbaku, pombe na vinywaji vya moto, na vinywaji vya moto vikafafanuliwa kuwa kahawa na chai. Hakuna aliyekumbuka kuuliza Uluhyani. Hapa mtu akija kwako akaondoka bila kunywa chai, hakuja; alipita. Akina mama watasema umemfukuza mgeni. Wengine watasema mgeni anaogopa kulogwa.

Kuna wenyeji waliojaribu ujanja wa kuleta turungi na kuiita dawa. Usifanye hivyo, mzee wa watu atanusa. Njia inayofaa ni kuchemsha maziwa matupu, uyatie sukari mpaka kijiko kishindwe kusogea, uyamimine kwenye birika lile lile la siku zote, uyalete kwa vikombe vile vile, na mkate uliopakwa siagi pembeni. Kwa mbali hakuna jirani atakayejua. Mgeni akisema ni matamu kupita kiasi, ongeza. Uji wa wimbi pia unafaa, lakini mpe katika kikombe cha kawaida, maana akiona kibuyu ataanza kupiga picha na uji utapoa.

Kuku hana katazo lolote, Mungu ni mwema. Chinja ingokho, songa obusuma, weka tsisaka na mrenda. Firigisi ni ya mzee na itamfikia mzee. Usitarajie aitambue. Ataizungusha sahanini, ataisifu, kisha ataisogeza kwa mkewe kama mtu anayepitisha ushahidi. Zamani huku mwanamke hakula kuku kabisa, sembuse firigisi, kwa hiyo kutakuwa na ukimya wa sekunde kadhaa. Utamalizwa na bibi yako mzaa baba, atakayesema kwamba na yeye kumbe angependa kipande. Kila familia iliyopokea Wazungu inajua kwamba mapinduzi huingia kwa njia hiyo.

Matembezi si magumu. Jiwe Linalolia liko Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu: mwamba wenye kimo cha mita 40 hivi, umebeba jiwe jingine kichwani na maji hutiririka usoni pake. Visa vya kwa nini linalia ni vingi. Chagua kimoja ukishikilie, kwani mama wa Utah anaandika kila kitu daftarini, na ukibadilisha kisa wiki ijayo atakuonyesha ukurasa. Msituni waingie kupitia Isecheno au Buyangu pamoja na mwongozaji wa huko, maana ndiye ajuaye majina ya ndege, na ndege wenyewe ni zaidi ya aina 300. Wewe unajua wawili, mmoja wao kuku. Msitu huu ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, na mzee atasimama kulitafakari jambo hilo kwa dakika nyingi akiwa amevua kofia, huku siafu wakimpanda suruali. Mwambie mapema aingize suruali ndani ya soksi.

Ng'ombe wa kupigana ni suala la busara. Asubuhi ya Jumamosi, Khayega au Shinyalu, mafahali wawili wamelishwa vizuri, wametukanwa vizuri zaidi, na isukuti inalia. Ngoma hiyo UNESCO iliiorodhesha 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wageni nao wanahitaji kulindwa haraka. Wasimamishe nyuma ya mtu mnene na mbele ya mti. Fahali akishindwa hukimbia, na hakimbii kwa kufuata ratiba. Yule anayeshangilia zaidi ya wote atakuwa mama wa Utah, aliyekulia kwenye ranchi na anayejua fahali kuliko wewe.

Bustani ya Muliro Gardens msipite. Wakitaka kukaa kwenye benchi wakishikana mikono, kama walivyozoea tangu ujana wao, waelekeze uwanja wa kanisa. Wasomaji wa Kakamega wanajua kwa nini. Wageni hawana haja ya kujua. Vilevile wakinunua mukombero sokoni kwa kudhani ni mzizi wa kusafisha meno, usitoe maelezo. Wao ni watu wazima waliooana.

Sasa huduma yenyewe. Watataka kupaka rangi. Waambie darasa lilipakwa na kikundi kilichopita. Watataka kupanda miti. Wape miche, lakini mwenye shamba awepo, la sivyo utakuwa umeanzisha kesi ya mpaka itakayokuzidi umri. Ikiwa mama anajua kinanda, mkabidhi waimbaji na usimwonee huruma. Kwaya zetu zinajua sauti nne, kisichopatikana ni mtu wa kuja mazoezini saa aliyosema.

Ila kazi inayowafaa kuliko zote ni kuandika nasaba. Kanisa lao hukusanya majina ya mababu kutoka kote duniani, na karibu na Salt Lake City limechimba hifadhi ndani ya mlima wa graniti, mlimo filamu za kumbukumbu kwa mamilioni. Wapeleke kwa kuka, yaani babu, yeyote aliyevuka miaka 80, umwekee kiti chini ya mwembe, kisha usogee pembeni ustarehe.

Mzee wa Utah atafungua tarakilishi na kuuliza jina la baba. Kuka atauliza, yupi? Kwani ndugu za baba nao ni baba, na ndiye mdogo wao aliyemlipia karo. Ataulizwa jina la mama. Atataja matatu kwa mpangilio wa nyumba, ya kwanza karibu na lango. Mzee atasema programu ina nafasi moja ya mke na kitufe cha kuongeza mwingine iwapo wa kwanza alifariki. Wa kwanza hakufariki. Ndiye anayeleta maziwa. Kisha majina yenyewe: mtoto hupewa jina la marehemu, kwa hiyo kuka ana jina la babu yake, mjukuu ana la kuka, na mashine itauliza kwa rangi nyekundu kama una hakika huyu si mtu yule yule. Kuka naye, akitafsiriwa, atasema swali hilo ni zuri, hata yeye hujiuliza.

Hapo ndipo kuka atageuza kiti na kuuliza, kwa adabu, babu yake mgeni alikuwa na wake wangapi. Usimzuie. Utah ni mahali pa Brigham Young, aliyeoa zaidi ya 50, na kanisa lilitangaza kuachana na desturi hiyo 1890 tu. Mzee atakohoa, atamtazama mkewe, na mkewe ndiye atakayejibu: upande wake, babu wa babu alikuwa na wanne. Kuka atasimama, atamshika mkono, ataitisha kuku wa pili. Kazi itakayofanyika mchana huo haitafanyika kwa mwaka mzima wa mikutano, na nafasi ya mke wa pili na wa tatu itapatikana kwenye programu. Ilikuwepo siku zote, chini ya kitufe ambacho mzee hakuwahi kupenda kukibonyeza.

Jumamosi zilizobaki ni za matanga. Wataombwa kusema machache. Wafundishe kusema mulembe, wataje jina la marehemu kwa usahihi, waketi. Ibada ya kanisani kwao ni ya saa mbili, kwa hiyo wapakie karanga na mwavuli, na uwaambie kwamba wanasiasa bado hawajafika.

Majina watapewa bila wewe kuingilia. Aliyefika mvua ikinyesha ni Nafula, na mumewe, kwa kukosa jina jingine, atakuwa Wafula.

Siku ya kuondoka, kila nyumba itawaletea kuku aliye hai. Hawezi kukataliwa wala hawezi kupanda ndege Kisumu. Wakikutazama kwa macho ya kuomba msaada, jitolee kuwatunza kuku hao kwa niaba yao hadi watakaporudi. Wao ni watu wa kuweka kumbukumbu: baada ya mwaka watauliza kuku wanaendeleaje, wametaga mara ngapi, na vifaranga ni wangapi. Uwe na idadi tayari, na uhakikishe wewe na mkeo mnataja idadi moja.