Waya Usio na Jina: Mwongozo kwa Fundi wa Tanuri, Gataka

Ukiokota themokapo isiyo na lebo kwenye debe la vyuma hapa Gataka, usidanganywe na mavazi yake. Aina ya K ya Kimarekani huvaa njano na nyekundu, na hiyo nyekundu ndiyo hasi! Ya kanuni za kimataifa huvaa kijani na nyeupe. Ihoji kwa joto.

Ponda barafu kikombeni, utie maji kidogo, ukoroge: hapo una sifuri yako. Chemsha maji kwenye sufuria, utumbukize ncha iliyounganishwa. Pale nyaya zake zinapokutana na nyaya za shaba za mita ya milivolti, pafunge kwa nailoni, upazamishe kwenye barafu. Mita ikionyesha alama ya kutoa, geuza nyaya.

Sasa tafadhali, usiandike nyuzi 100. Hiyo ni ya Mombasa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 95. Kwa joto hilo aina ya K hutoa kama milivolti 3.9, T 4.0, J 5, E karibu 6. S, yenye platini, hunong'ona 0.6 tu. Mtego uko hapa: K kwenye nyuzi 100 hutoa 4.1, kwa hiyo aliyesahau mwinuko ataiona T yenye 4.0 na kuibatiza K. Leta sumaku. K ina mguu mmoja unaonaswa. T, shaba na konstantani, haunaswi hata mmoja.

Kazi yote hii ni kwa ajili ya jagi la kioo. Katika karakana za Kitengela alizoziasisi msanii Nani Croze, vioo vilivyotupwa huyeyushwa vikawa vyombo, na chombo kipya lazima kipozwe polepole kwenye tanuri, kuanzia karibu nyuzi 500, la sivyo kitapasuka. Funga K kwenye kidhibiti cha tanuri kilichowekewa J: kitasoma 500 huku ndani kukikaribia 650. Jagi litainamisha mdomo, mkono wake utalegea kama mshumaa juani, na pumzi ya mpulizaji itakuwa imepotea bure.

Kwa hiyo kata kipande cha bati, gonga herufi yake kwa msumari, ukifunge shingoni mwa themokapo kabla maji hayajapoa.