Wito kwa Lipa Namba

Zamani wito ulikuja usiku, kama wa Samweli. Siku hizi unakuja kwa lipa namba. Kocha mmoja wa kazi na imani, pale Sinza, aliniuliza maadili yangu. Nikamtajia: uaminifu, na mshahara tarehe 25. Akaandika la kwanza tu. Kisha akanishauri niache uhasibu, eti roho yangu haimo humo.

Nikamkumbusha kwamba Mathayo alikuwa mtoza ushuru.

“Si aliacha!”

Haya. Lakini Paulo alishona mahema huku akihubiri, wala sijasoma popote kwamba alimlipa mtu ada amwoneshe kipaji chake. Kocha akatazama saa. Nilipoomba risiti ya EFD, akasema kwanza tujenge kuaminiana.

Jumatatu nimerudi kazini. Ada yake nimeiandika chini ya sadaka.