Kichwa Bila Ubongo

Sisi watoto wa Tabora, tuliolala na kuamka kwa honi za stesheni, tunakiita kichwa. Kichwa cha treni. Treni ina kichwa na mabehewa, basi, hakuna la zaidi. Mzee wangu aliendesha vichwa tangu enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabeba kilicho chake, akaendelea mpaka akastaafu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akirudi nyumbani akasema leo wametupa kichwa lakini ubongo wake umebaki dukani. Hilo nimekuja kuambiwa Leicester, Uingereza, na mvi zangu kichwani, mbele ya kaunta ya duka la treni za kuchezea.

Samahani, si za kuchezea. Ukisema za kuchezea mbele ya wenyewe wananuna. Ni modeli.

Boksi lilikuwa na maandishi ya kung'aa kwamba kichwa hiki kiko tayari kwa mfumo wa dijitali. Tayari! Nikalipa pauni 140, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Ukizigeuza shilingi zinakaribia nusu milioni, na Mama Neema, ambaye tangu tuanze kujenga kule Ipuli anapima kila kitu kwa mabati, alisema bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anauchambua: "Mabati kumi na tano."

Nikakiweka relini, nikabonyeza namba kwenye rimoti, nikasubiri. Kikanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mbele hakiendi, nyuma hakirudi, kinalalamika tu palepale. Nikakitoa kabla hakijachemka, nikakirudisha kwenye boksi lake, nikashika njia ya dukani na maneno yangu nimeyapanga mstari kwa mstari.

Kijana wa dukani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya. Kiko tayari, alisema, maana yake kiko tayari kuwekewa dikoda. Dikoda ndiyo ule ubongo. Inauzwa kando.

Sasa, neno tayari nalijua vizuri. Nimelelewa nalo. Fundi cherehani akikuambia suti iko tayari, maana yake kitambaa kimekatwa. Mama ntilie akisema wali uko tayari, maana yake maji yamebandikwa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Mzungu naye analo tayari la namna hiyo, tena amelichapisha kwenye boksi.

Kwa wasioijua hii kazi, shida yote inaanzia kwenye umeme. Kwa mtindo wa zamani, ukizungusha kitufe unaongeza volti relini, na kila kichwa kilichopo kwenye reli hiyo kinaondoka. Viwili vikiwepo vinaondoka vyote, vitatu vyote, kama kuku waliofunguliwa banda. Ukitaka kimoja kisimame lazima ukate umeme kwenye kipande chake cha njia, na kwa kila kipande kuna swichi yake, na kwa kila swichi kuna waya, mpaka chini ya meza kunafanana na nguzo ya umeme ya uswahilini. Kwa dijitali umeme unakaa relini muda wote, volti kumi na tano hivi, na ndani yake unapita ujumbe: namba fulani, ongeza mwendo, namba fulani, washa taa. Vichwa vyote vinasikia kila kitu, lakini kila kimoja kinaitika namba yake tu, kama wanafunzi mwalimu akiita rejista. Anayesikia na kuitika ni dikoda. Kichwa kisicho nayo kinabaki kunguruma kwa sababu hakielewi kinachosemwa.

Mfumo wenyewe unaitwa DCC. Mizizi yake ni kazi ya Mjerumani, Bernd Lenz, na miaka ya 1990 chama cha wapenda modeli cha Marekani, NMRA, kikaufanya kiwango cha wote, ili dikoda ya kampuni hii itii rimoti ya kampuni ile. Jambo la busara kabisa. Laiti wangeendelea na busara hiyo hiyo mpaka kwenye soketi!

Maana unapokwenda kununua ubongo unaulizwa: kichwa chako pini ngapi? Kuna pini 6, kuna 8, kuna 16, kuna 18, kuna 21, kuna 22. Wale mnaokumbuka simu zilipoingia, tulivyokuwa tunazunguka mtaa mzima kuuliza nani ana chaja ya pini nyembamba, mnanielewa. Mimi nilikisia 8, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na bei nzuri. Kichwa changu kilikuwa cha 21. Nikarudi tena. Kijana wa dukani sasa alishaanza kunisalimia kwa jina.

Kuipachika yenyewe, nikiri, kulinifurahisha. Unakilaza kichwa juu ya taulo, matumbo juu, unafungua skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama (moja mpaka leo iko kwenye zulia), bodi inanyanyuka, na unaona mota, uzito wa chuma, na kibao kidogo cha kijani. Juu ya kibao kuna plagi bandia iliyokuwa inashikilia nafasi, kama mtu aliyewekewa kiti na kofia. Unaing'oa polepole kwa kucha, unaweka dikoda. Hata ukiwa na haraka, ile ya 21 wameikosesha jino moja makusudi ili usiichomeke kinyume. Yupo mtu mahali fulani aliyenijua kabla hajaniona.

Kikaondoka. Taratibu, bila kushtuka, mpaka unahesabu magurudumu yanavyozunguka. Nikamwita Mama Neema aje aone. Akaja, akaona. "Sasa kinakwenda wapi?" Nikamwambia kinazunguka. Akarudi jikoni.

Hapo ningetulia. Lakini mtu akishaonja haachi, na Jumamosi moja nikajikuta kwenye ukumbi wa kanisa ambako wazee huuziana modeli juu ya meza za kukunja, chai na keki pembeni. Nikaona kichwa cha mvuke cha zamani, cheusi, kizito mkononi kama jiwe la kunolea. Pauni 25. Muuzaji akasema kinakwenda kama saa. Hakusema uongo, kilikuwa kinakwenda, ila kwa mtindo wake wa zamani. Na mimi nikawaza: soketi hakina, lakini nyaya najua. Nyekundu na nyeusi zinatoka relini, ya chungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota, nyeupe na njano ni za taa. Mtu atashindwaje?

Hivi ndivyo anavyoshindwa. Vichwa vingi vya zamani, chuma cha chasisi ndicho chenyewe waya. Kuna vilivyopasuliwa chasisi katikati, nusu ya kulia inabeba umeme wa reli ya kulia, nusu ya kushoto ya reli ya kushoto, na mota imekaa katikati imegusa pande zote mbili. Kuna vingine ambavyo kaboni moja ya mota imeungwa moja kwa moja kwenye chuma. Kwenye dijitali hilo haliruhusiwi kabisa: umeme lazima upite kwanza kwenye dikoda, kisha ndiyo ufike kwenye mota, na mota isiwe na njia ya panya. Mimi njia ya panya niliiacha wazi. Nikawasha. Dikoda ikatoa uzi wa moshi mwembamba, mzuri hata, na harufu ambayo si ya plastiki wala si ya waya.

"Baba Neema, unaunguza nini huko?"

Sikujibu. Nilikuwa napiga hesabu. Mabati mawili na nusu.

Mzee mmoja wa pale ukumbini, aliyeniona wiki iliyofuata na sura yangu ya msiba, akanionyesha kipimo ambacho kingenichukua dakika moja. Chukua testa, ncha moja kwenye kaboni ya mota, nyingine kwenye magurudumu, kisha kwenye chasisi. Rudia kwa kaboni ya pili. Ikilia popote, usipachike kitu mpaka uitenganishe mota. Kisha kishike kichwa kisizunguke kwa sekunde chache kikiwa na volti 12, usome kinakula ampea ngapi. Vikongwe vingine vikikwama vinakula kuliko dikoda inavyoweza kulisha. Akamaliza kwa kuniuliza kwa nini nilianza na kichwa cha namna ile. Swali kama hilo halina jibu la heshima.

Yeye anashauri mwanzo uwe wa dizeli kubwa yenye trela mbili za magurudumu chini. Ndani kuna nafasi, hata ya spika ukitaka ingurume kweli, uzito unaibana relini, na magurudumu mengi yanaokota umeme, kwa hiyo vumbi likiziba moja mengine yanaendelea. Nilimsikiliza kwa adabu zote, kisha nikaenda kununua kadogo kuliko vyote. Nilikapenda, basi. Ni mfano wa Class 08, kale ka kupanga mabehewa yadini. Vya kweli viliundwa 996 kuanzia 1952, na ukikaona kanajikokota utadhani kako Tabora kanaunga behewa la Mwanza na la Kigoma. Magurudumu sita tu. Kakifika kwenye makutano ya njia, pale penye plastiki, kanakata roho. Unakagusa kwa kidole, kanafufuka. Niliambiwa kuna kapasita za kukahifadhia pumzi. Bila shaka. Zinauzwa kando.

Lakini haka angalau kalikuja na ubongo wake kiwandani. Nikakaweka relini kaangaliane na kile cha pauni 140, nikabonyeza namba 3 kuondosha kimoja.

Vikaondoka vyote viwili.

Dikoda mpya zote hutoka kiwandani zinaitwa namba 3. Zote. Ni kama kusimama Kariakoo ukaita "Juma!", mtaa mzima unageuka. Na kwenye dijitali amri ya mbele ni mbele ya kichwa chenyewe, si ya reli, kwa hiyo kila kimoja kilitii kwa uaminifu mkubwa, kikaelekea kwa mwenzake. Wakati natafuta kitufe cha kusimamisha kila kitu vilishapigana pua. Baadaye nikasoma kitabu cha maelekezo, ukurasa wa nne, kwamba namba hubadilishwa kwa kuandika mpya kwenye kisanduku cha kwanza cha kumbukumbu ya dikoda, kichwa kikiwa peke yake relini. Sasa kimoja ni 3 na kingine ni 77.

Jumapili nikampigia Mzee wangu kwa video. Nikaiegemeza simu kwenye stesheni ya karatasi, nikazungusha treni yenye mabehewa manne. Mzee akasogeza uso mpaka tukabaki tunaona jicho moja.

"Hiyo reli yake upana gani?"

Nikamweleza kwamba Waingereza wanaunda vichwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, ila wanavipandisha kwenye reli ya milimita 16.5, ambayo ni ya vipimo vidogo zaidi, vya 1 kwa 87. Ukipiga hesabu, njia yao ya mita 1.435 inatoka kama mita 1.25.

Akacheka mpaka akakohoa. "Wamejipunja wenyewe! Sisi tulijengewa ya mita moja tukanyamaza." Kisha akanyamaza kweli, akakodoa. "Simamisha hapo. Irudishe nyuma kidogo. Hapo. Hicho kichwa dereva wake yuko wapi?"

Nikainama, nikachungulia dirishani. Kiti kipo, dashibodi ipo, wameichora mpaka vipimo vya breki. Mtu hayupo. Nikakimbilia boksi, nikasoma karatasi. Dereva anauzwa kando.

"Anauliza nini Baba?" akauliza Mama Neema kutoka jikoni.

"Dereva."

"Naye ni mabati mangapi?"