Kochi, Lenzi na Kofia ya Mshenga

Kochi letu kubwa lilikatika mguu wa nyuma miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo linasimama kwa hisani ya tofali. Mke wangu alilishonea tofali lile kijifuko cha kitambaa kinachofanana na mapazia, wageni wasiligundue. Fedha za kochi jipya alikuwa akizidunduliza kwenye bati la biskuti, lile ambalo karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inalo, limejaa nyuzi, sindano na vifungo, na mtoto mwenye njaa akilifungua analia.

Zilipofika laki nne, nikazikopa. Neno "kukopa" ni langu. Mwenyewe ana lake.

Mambo yalianzia kwenye mahafali ya chekechea ya binti yetu. Nilikuwa na kamera, Canon EOS 1300D niliyoinunua mkononi kwa mtu, pamoja na lenzi yake ya boksini, ile ya milimita 18 hadi 55 ambayo wenye kamera za namna hii wengi huanza nayo. Ukumbi ulikuwa na taa mbili za tyubu, moja ikipepesa. Nikakaa safu ya nne kama baba mwenye staha, nikaivuta lenzi hadi mwisho wake, nikafyatua picha sitini. Jioni tulipozitazama, binti yetu hakuwemo. Palikuwa na kivuli chenye joho kinakatiza jukwaani kama pepo anayewahi daladala.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akauliza kwa upole, "Huyu ni nani, mwanangu?"

"Ni mjukuu wako, mama. Tatizo ni lenzi. Hii ni ya kupewa tu, inakuja na boksi."

"Ahaa. Kama kile kijiko cha kwenye kopo la maziwa ya mtoto."

"Hasa, mama."

"Kile mbona hupima vizuri tu," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyepiga picha za studio tangu enzi za filamu. Ningemwendea yeye kwanza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nikamwendea muuzaji. Akanipa lenzi ndogo nyeusi ya milimita 50, nyepesi kama andazi, akanionyesha namba iliyoandikwa mdomoni mwake: 1.8. Namba hizi za tundu hutembea kinyumenyume. Kadiri inavyopungua ndivyo mlango wa mwanga unavyopanuka. Ile yangu ya boksini, nikishaivuta hadi 55, mlango wake hauzidi 5.6. Piga hesabu: hii mpya inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Hesabu haikuwa ya uongo, na ndiyo iliyonimaliza. Jambo moja muuzaji hakulitaja nami sikuliuliza: lenzi hii haivuti wala hairudi. Ukitaka mtu awe mkubwa, songa mbele. Ukitaka awe mdogo, rudi nyuma. Miguu yako ndiyo zumu.

Usiku ule nikampiga mama mkwe picha chini ya balbu moja ya sebuleni, kwa karibu, mlango wazi kabisa. Ilikuwa picha ya ajabu. Kila kunyanzi la shavu lilisomeka, kipini cha puani kikametameta, na kabati letu lenye mlango uliopinda likayeyuka nyuma yake likawa kama jua la machweo. Bibi akaitazama sana.

"Nzuri, mwanangu. Ila masikio yangu umeyapeleka wapi?"

Hayakuwemo. Mlango ukiwa wazi hivyo na mtu yuko karibu, kinachotoka safi hakizidi unene wa kidole. Pua ikipona, masikio yanakwenda na maji. Mke wangu naye akakiri kwamba picha ni nzuri, halafu akauliza kama na sisi tutakuwa tunakaa juu yake.

Lenzi ya boksini ikatupwa kwenye bati la biskuti, pale zilipokuwa zile laki nne.

Majuma mawili baadaye ukaja ugeni wa mahari ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wazee wa upande wa mwanamume wakaketishwa kwenye kochi, maana ndicho kiti cha heshima, mshenga katikati. Wazee wetu, akiwemo mjomba, wakakaa viti vya upande wa pili, sinia lenye bahasha likawekwa kati. Nikasimama na kamera yangu yenye jicho jipya, nikachungulia, nikaona bega la mjomba.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikaona mabega mawili ya mjomba.

Sebule yetu ina mita tatu na kitu. Kwa kamera yangu, lenzi ya 50 ukisimama mita 3 inakuonyesha upana wa mita 1.3 hivi, yaani wazee wawili, tena wawe wanapendana. Ile ya boksini ikirudishwa hadi 18, mahali palepale, ingenionyesha mita 3.7: wazee wote, sinia, na mtoto anayeiba sambusa. Mimi hayo nilikuja kuyapima kwa futikamba baada ya msiba. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kurudi nyuma. Mlango ulizibwa na akina mama wanaochungulia, kwa hiyo nikajipenyeza kati ya kochi na ukuta. Mjomba akanyoosha mkono kupokea bahasha. Bado nusu hatua. Kisigino changu kikagusa kitu laini chenye kitambaa, nacho kikasogea.

Kochi halikuanguka kwa ghafla. Lilishuka kama ngamia anayepiga magoti, upande wa nyuma kwanza, na wazee watatu wakainuliwa miguu juu mbele ya wakwe watarajiwa. Kidole changu kikabana kitufe chenyewe.

Kimya. Kisha mshenga, akiwa bado chali, akasema, "Mahari hii ni nzito, hata kochi limekiri." Watu wakavunjika mbavu, na ninaamini ndoa ile iliokolewa pale.

Mke wangu hakucheka. Alikwenda chumbani, akarudi na bati la biskuti, akanikabidhi lenzi ya boksini ikiwa imesokotwa uzi mwekundu. "Baba watoto, wapige watu picha, waende zao."

Tukatoka nje, mwembeni, jua la alasiri linamwagika. Nikairudisha hadi 18, tundu nikaliweka 8, watu ishirini na wawili wakaingia wote kwa mpigo mmoja. Ukiikuza picha ile unahesabu kili za mkeka. Ndiyo iliyowekwa kwenye fremu.

Yule mzee wa studio alikuwa miongoni mwa waalikwa. Alipomaliza chai nikamwonyesha vile vivuli vya mahafali. Akatazama safu za vichwa mbele ya picha.

"Kwa nini ulikaa huko nyuma? Ungekwenda chini ya jukwaa, usiivute, tundu lingefunguka hadi 3.5. Hapa shata imekaa wazi sehemu ya kumi ya sekunde. Pale ingekaa sehemu ya ishirini na tano. Mtoto akisimama kupokea cheti, unampata."

"Kwa hiyo hii 50 ni hasara?"

"Nani kasema?" Akanieleza kwamba zamani hiyohiyo 50 ndiyo iliyokuwa lenzi ya boksini. Pentax K1000 yake, toleo lililoanza 1976, aliikuta nayo mdomoni, na kwa hiyo tu akasomesha watoto wanne. Kwenye filamu ilikuwa saizi ya kati, haina makuu. Kwenye kihisi kidogo cha kamera yangu inabana kama ya milimita 80. "Ni ya sura ya mtu mmoja. Wewe umeipelekea kijiji."

Akaomba kuona ile iliyojipiga yenyewe. Ni kofia ya mshenga, peke yake, hewani. Vitundu vyake vya kushonwa kwa mkono vinahesabika kimoja kimoja, na nyuma yake mapazia yetu yamefifia yakawa ukungu wa kijani. Mshenga ameiweka WhatsApp hadi leo.

Siku hizi akina mama wa kikoba wanakuja mmoja mmoja kupigwa picha "kama ya bibi", ila yenye masikio. Nawasogeza mbali kidogo, tundu nalibana hadi 4, kwa elfu tano kila mmoja. Fedha anapokea mke wangu, zinaingia kwenye bati. Sijaonyeshwa hesabu.

Mguu wa pili wa kochi nao ulikatika siku ile. Matofali sasa ni mawili, na la pili bado halijashonewa nguo.